Tundu la Tatu: MacBook Pro ya M4 Mezani kwa Prodyuza

Geuza mashine upande wa kulia. Usianze na chipu, usianze na ile rangi nyeusi inayowatoa watu udenda, wala usianze na skrini. Upande wa kulia, kati ya tundu la HDMI na mahali pa kuchomeka kadi ya SD, kuna tundu dogo la Thunderbolt ambalo toleo lililopita la laptopu hii hii, kwa bei hii hii, halikuwa nalo. Jamani! Nimekaa nalitazama kama mtu aliyeokota noti barabarani.

Ni MacBook Pro ya inchi 14 yenye chipu ya M4, ile iliyokuwa ya chini kabisa katika ukoo wa Pro ilipotoka. Apple waliitangaza tarehe 30 Oktoba 2024, ikaanza kuuzwa Novemba 8. Bei ya kuanzia kule Marekani haikusogea hata dola moja: 1,599. Ila ile ya M3 iliyotangulia ilikupa, kwa pesa hiyo, RAM ya 8GB na matundu mawili ya Thunderbolt, yote upande wa kushoto. Hii inakupa 16GB na matundu matatu, mawili kushoto na moja kulia. Mtu wa kuandika barua na kutazama filamu atauliza, kwani hapo kuna nini? Prodyuza hawezi kuuliza. Prodyuza anajua maana ya kubaki na kebo mkononi wakati matundu yamekwisha, msanii yuko mbele ya maiki anasubiri, na mwenzako anakuuliza, "Tuchomoe kinanda au tuchomoe diski?"

Kwa sisi wa muziki, kompyuta ni matundu kwanza, ubongo baadaye. Na jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1985 Atari walitoa kompyuta yao ya ST ikiwa na matundu ya MIDI yaliyojengewa humo humo ndani, moja la kuingiza na moja la kutoa, wakati ambapo wenye kompyuta nyingine nyingi walilazimika kununua kiboksi cha pembeni. MIDI yenyewe, ule utaratibu unaoviwezesha vinanda kuelewana na kompyuta, ulikuwa umetoka mwaka 1983 tu. Atari ST haikuwa na nguvu za kutisha, lakini studio za Ulaya ziliing'ang'ania kwa miaka mingi kwa sababu ya yale matundu mawili. Wajerumani wa C-Lab wakaiandikia programu ya Notator. Watu hao baadaye wakaunda Emagic, wakatengeneza Logic, na mwaka 2002 Apple wakainunua kampuni nzima. Kwa hiyo Logic Pro ninayoifungua kwenye M4 hii ni mjukuu wa programu iliyozaliwa ndani ya kompyuta iliyopendwa kwa matundu yake. Raha iliyoje!

Haya, tuchomeke. Kushoto, ukianzia nyuma kwenye bawaba, kuna MagSafe ya chaja, zinafuata Thunderbolt mbili, kisha tundu la hedifoni. Thunderbolt ya kwanza nimeipa saundikadi, Focusrite Scarlett 2i2, kile kiboksi chekundu ambacho huwezi kuzunguka studio za nyumbani za Dar es Salaam au Nairobi usikutane nacho. Ya pili nimeipa kinanda cha MIDI. Ya kulia imechukua diski ya SSD iliyojaa sampuli za ngoma. Chaja ina mahali pake, haimnyang'anyi mtu nafasi. Hakuna habu, hakuna adapta inayoning'inia pembeni ya meza ikingoja kiwiko cha mtu. Waya wa diski unakwenda kulia, wa saundikadi unakwenda kushoto, katikati pamebaki peupe pa kuweka daftari la mashairi.

Uzuri zaidi uko ndani. Kwenye mashine hizi kila tundu la Thunderbolt lina njia yake kuelekea kwenye chipu. Diski ikianza kusomwa kwa nguvu, saundikadi haigombanii njia nayo. Kwenye habu ya bei chee vyote vingepita mlango mmoja, na hapo ndipo ule mlio wa tk, tk, tk unapoanza kujipenyeza kwenye vokali, ukabaki unamlaumu msanii wa watu kwamba anagusagusa maiki.

Nikafungua mradi mpya kwenye kHz 48, bafa, yaani lile fungu la sampuli ambalo kompyuta hulisubiri lijae kabla ya kulichakata, nikaishusha mpaka sampuli 64. Piga hesabu: 64 ukigawanya kwa 48,000 unapata milisekunde 1.3. Hiyo ni bafa moja peke yake. Ukijumlisha kuingia, kutoka na kazi inayofanyika ndani ya saundikadi, muda unapanda kidogo, lakini mwimbaji bado anajisikia papo hapo. Ukiipandisha bafa mpaka 512, bafa moja tu inameza karibu milisekunde 11, safari ya kwenda na kurudi inazidi 20, na mwimbaji anaanza kuburuta nyuma ya biti bila kujua kinachomsibu. Umewahi kumwona. Anaimba vizuri akiwa hana hedifoni, akivaa tu anapoteza mwendo, na watu wote chumbani wanadhani tatizo ni woga.

Kwa hiyo bafa 64, na sikuwa na huruma. Nikaweka kompresa na mwangwi juu ya sauti inayoingia. Nikaongeza vinanda, nikaongeza ngoma, nikatia besi mbili zinazopishana, nikaongeza tena. Feni ipo ndani lakini sijaisikia ikilalamika. M4 ina viini 10, vinne vya nguvu na sita vya kubana matumizi ya umeme, na kwa wimbo wa kawaida wa Bongo Flava wenye treki 40 au 50, inapiga miayo. FL Studio nayo, ambayo ndiyo shule ya maprodyuza wengi wa huku kwetu, inakimbia kwenye chipu za Apple bila mkalimani wa katikati, kwa hiyo usiogope kwamba utalazimishwa kuhamia Logic.

Sasa nikuambie jambo ambalo muuzaji halisemi. Thunderbolt 4 inapitisha gigabiti 40 kwa sekunde. Scarlett yako haina haja hata na chembe ya kasi hiyo. Maiki mbili kuingia na spika mbili kutoka, kwa biti 24 na kHz 48, ni megabiti 4.6 kwa sekunde. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, ina uwezo wa 480. Hata ukiwa na njia 32 za kuingia na 32 za kutoka, unafika megabiti 74 hivi, bado uko ndani ya USB 2.0 na nafasi inabaki. Ndiyo maana saundikadi nyingi zenye tundu la USB-C, Scarlett ikiwa mojawapo, kwa ndani bado zinatumia USB 2.0, na hazina kosa lolote. Mtu asikudanganye kwamba saundikadi ya Thunderbolt itaifanya sauti iwe safi. Sauti safi inatokana na maiki, chumba, na mkono wa anayeshika kitufe cha geni. Thunderbolt unaihitaji kwa diski za kasi, kwa skrini kubwa ya pili, na kwa saundikadi za wakubwa kama Apollo za Universal Audio ambazo zimebeba chipu zake zenyewe za kuendeshea plagini.

Na hedifoni! Kuna tundu ambalo kwenye matangazo halipewi nafasi kubwa, nalo ndilo lililonimaliza. Tangu mwaka 2021 MacBook Pro zimekuwa na tundu la milimita 3.5 linalopima lenyewe ukinzani wa hedifoni ulizochomeka. Zikiwa chini ya omu 150, linatoa hadi volti 1.25. Zikiwa kati ya omu 150 na 1,000, linapanda mpaka volti 3. Chukua zile Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 250, ambazo kwenye laptopu nyingine zinasikika kwa mbali, besi imelegea, ukipandisha mpaka mwisho bado unaona hazijashiba. Nilizichomeka hapa moja kwa moja, nikabonyeza kitufe cha kucheza, na nikakimbilia kupunguza sauti. Kibadilishi cha sauti cha ndani kinafika hadi kHz 96. Maana yake ni kwamba prodyuza aliye kwenye boti kuelekea Unguja, au kwenye basi la Arusha, anaweza kupanga biti na kusikia besi yake ilivyo bila kubeba saundikadi. Kwa kurekodi maiki bado utaihitaji, lakini kwa kupika midundo safarini, begi limepungua uzito.

Jaribio lililofuata nililifanya kwa makusudi na kwa ubaya kidogo: nilichomoa chaja msanii akiwa katikati ya ubeti. Hakuna kilichotokea. Mstari wa sauti uliendelea kuchorwa kwenye skrini, hakuna mkwaruzo, hakuna kusita. Laptopu nyingi za Windows zikitolewa kwenye umeme hujipunguzia kasi ili kulinda betri, na bafa ndogo uliyoiweka inageuka adui. Hii haipungui. Kwa mtu anayerekodi mahali ambapo umeme hukatika bila hodi, hili peke yake linaweza kuamua manunuzi. Spika zitakufa, kweli, lakini laptopu, saundikadi, kinanda na diski vyote vinalishwa na betri moja ya Wh 72.4, na hedifoni ziko shingoni. Apple wanadai hadi saa 24 za kutazama video. Kwa mradi mzito wa muziki ondoa sehemu kubwa ya hizo, na bado kikao cha jioni nzima kinakwisha kabla ya betri. Tena ile zzz ya chini chini inayosikika kwenye spika pindi laptopu inapokuwa kwenye chaja, ambayo katika nyumba zenye waya mbaya wa ardhi ni ugonjwa sugu, mara nyingi inakwisha ukichomoa chaja. Rekodi ukiwa kwenye betri, chaji wakati wa chai.

Mahali pa kadi ya SD tusipite haraka. Mwaka 2016 Apple waliyaondoa matundu yote kwenye MacBook Pro mpya wakabakiza USB-C na hedifoni tu, na watu wakaishi na mifuko ya adapta kwa miaka mitano, mpaka mwaka 2021 waliporudisha HDMI, MagSafe na kadi. Kwa anayerekodi nje ya studio hili ni jambo kubwa. Kinasa sauti kama Zoom H6 kinaandika kwenye kadi ya SD. Umetoka kwenye ngoma, umerekodi mirindimo, vigelegele na kelele za watoto, unaitoa kadi, unaichomeka, sauti ziko kwenye mradi. HDMI nayo ipo. Tuendelee.

Nilikuwa nimejiahidi nisizungumzie programu, lakini nimeshindwa. Logic Pro 11, iliyotoka Mei 2024, ina kifaa kinachoitwa Stem Splitter, na hakifanyi kazi kwenye Mac za Intel. Kinataka chipu za Apple. Unakipa wimbo uliokwisha kuchanganywa, nacho kinautenganisha; kwenye toleo hilo la 2024 mafungu yalikuwa haya: sauti ya mwimbaji, ngoma, besi, na vilivyosalia. Nikakipa rekodi ya zamani ya taarab, ya zile zilizopigwa wote pamoja chumba kimoja. Sauti ya bibi ikatoka peke yake, kavu, mpaka pumzi anazovuta kabla ya kibwagizo zinasikika. Nilinyanyuka kwenye kiti. Kwa upande wa ala ikawa vichekesho kidogo: fidla, kanuni na akodiani vyote vimerundikwa kwenye fungu moja la "vilivyosalia", maana aliyekitengeneza kifaa alikuwa na bendi za ngoma na besi kichwani. Hata hivyo, kwa nyimbo ambazo treki zake zilipotea zamani, huu ni utajiri. Mwaka 2024 Logic iliuzwa dola 199.99, ukilipa mara moja, na ulipewa siku 90 za kuijaribu bure. GarageBand inakuja na mashine bila malipo.

Nimesifia mno? Basi nilalamike.

Hakuna USB-A. Hata moja. Flashi ya mteja haiingii, kinanda chako cha zamani hakiingii, ile iLok ya USB-A yenye leseni za plagini zako haiingii. Kwa kinanda kuna njia nzuri kuliko adapta: upande wa pili wa waya wake kwa kawaida ni lile tundu la mraba la USB-B, kwa hiyo nunua kebo nzima yenye USB-B huku na USB-C kule, utupilie mbali ya zamani. Kwa flashi na iLok, adapta moja ndogo ikae kwenye begi na iwe na mwenyewe. Ikiwa ya wote, itapotea wiki hiyo hiyo.

RAM haiongezwi. Imeunganishwa na chipu kiwandani, ukinunua 16GB utazikwa na 16GB. Ilipotoka, kutoka 16GB hadi 24GB Apple walitaka dola 200 za ziada, na kutoka diski ya 512GB hadi 1TB walitaka 200 nyingine. Kama mfuko unaruhusu moja tu, chukua RAM. Diski utainunua nje, ya kampuni yoyote, wakati wowote, na SSD ndogo ya kawaida kama Samsung T7, inayosoma hadi MB 1,050 kwa sekunde, inatosha kabisa kuchezeshea sampuli. Na maktaba kubwa za sauti hazitakaa ndani hata ukitaka: okestra ya BBC ya Spitfire Audio, ile ya Professional, peke yake inazidi GB 500.

Halafu kebo. Hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Tundu la USB-C lina umbo moja, ila kebo zake zina uwezo tofauti kama mbingu na ardhi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ile kebo nyeupe ya kuchajia uliyoitoa kwenye boksi la simu au tableti mara nyingi inapitisha data kwa kasi ya USB 2.0 tu. Ukiichomeka kwenye SSD ya kasi, SSD inatambaa, na wewe unarudi dukani kulalamika kwamba umeuziwa diski feki. Kebo ya Thunderbolt 4 ina alama ya radi na namba 4 kichwani. Ya diski tumia iliyokuja na diski yenyewe, ifunge utepe wa rangi, asiiguse mtu wa kuchaji simu.

Watu wataniuliza kuhusu ndugu zake. Kuna ile ya M4 Pro, iliyoanzia dola 1,999 mwaka 2024, yenye RAM ya 24GB na Thunderbolt 5 inayofika gigabiti 120. Kama unapika muziki wa filamu wenye okestra nzima, nenda. Kwa biti na vokali, Thunderbolt 5 haitakuongezea kitu unachoweza kukisikia. MacBook Air ni nyepesi na bei yake nafuu, lakini matundu yake mawili ya Thunderbolt yako upande mmoja, haina feni, na kazi ikikolea saa nzima inajipunguzia kasi ili ipoe. Na kwa mwenye bajeti ya kweli kweli, siwezi kuificha ThinkPad T480 iliyotumika, ya mwaka 2018: USB-A mbili, USB-C mbili ambazo moja ni Thunderbolt 3, HDMI, tundu la waya wa intaneti, kadi ya SD, na RAM unaongeza mwenyewe kwa bisibisi. Ina matundu kuliko hii ninayoisifia! Masharti yake ni mawili: weka draiva ya ASIO kutoka kwa mtengenezaji wa saundikadi yako, na kabla ya kulipa endesha programu ya LatencyMon uone kama mashine inaweza kubeba sauti bila kukatika. Biti nzuri haijui imetengenezwa kwenye nini.

Ila mimi roho yangu imekwenda kwa hii. MacBook Pro hii, iliyokuwa ya bei ya chini kabisa, inatosha studio nzima ya nyumbani bila habu, na dola 1,599 za mwaka 2024, ambazo zilikuwa shilingi milioni 4 na ushee za Tanzania kabla ya kodi na cha juu cha muuzaji, zilinunua mashine utakayoifanyia kazi miaka mingi. Chukua ya 24GB ukiweza, diski ibaki 512GB, kinachobaki nunua SSD ya nje na kebo mbili za maana.

Na usiende dukani mikono mitupu. Beba saundikadi yako, kinanda chako, diski yako na hedifoni zako, vichomeke vyote kwa pamoja kwenye mashine ya maonyesho, rekodi dakika 5 na chaja ikiwa imechomolewa. Muuzaji akikataa, kuna duka la pili.